Vioo vilivyotuna kabla ya kufika dirishani: kisa cha nyumba moja chini ya Loleza

Ilikuwa saa tisa alasiri. Niko stoo ya saiti nahesabu raba za madirisha, nikasikia mlio mmoja mfupi, kama kijiti kikavu kinachovunjiwa gotini. Hapakuwa na mtu karibu na vioo. Vilikuwa vimeegemezwa ukutani, katikati yake maboksi yaliyokunjwa, juu turubai, vinasubiri fremu. Nilipofunua nikakuta kile chembamba cha dirisha la bafuni kina ufa uliopinda kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Kilikuwa cha tatu. Viwili vya kwanza tulivikuta vimepasuka siku ya kushusha mzigo, na wote pale tulishakubaliana mwenye kosa ni nani: dereva.

Sauti ya kioo kilichogongwa naijua. Hiki hakikugongwa.

Nyumba na sharti la kijana

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Kiwanja chake kiko mteremkoni chini ya Mlima Loleza, Mbeya: mlima uko mgongoni, upande wa kaskazini, na mbele, kusini, mji umetandazwa wote. Nyumba ni ya ghorofa moja, na sehemu kubwa ya pesa ilitoka kwa kijana wake anayeishi Ujerumani. Sharti lake lilikuwa moja. Madirisha yawe na vioo viwili viwili vilivyofungwa pamoja na hewa katikati, kama huko aliko. Alinipigia simu ya video kasimama dirishani kwake, nje theluji, yeye kavaa fulana. "Kaka, nataka Mama akae hivi."

Ungemjibu nini? Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai nyuzi zinashuka chini ya 10. Mwalimu mwenyewe alikuwa analala na soksi na mablanketi matatu kwenye nyumba ya kupanga. Vile vioo akavipa jina siku ya kwanza tu alipoelezwa, "vioo pacha", na jina likakaa.

Nilipima nafasi zote na kuandika oda ya pacha 16: sita vikubwa vya upande wa mjini, vitano vya kati, na vitano vidogo vyembamba vya mabafu, vyoo na ngazi. Kioo cha nje milimita 5 rangi ya bluu, nafasi ya hewa milimita 12, kioo cha ndani milimita 5 cheupe. Bluu alichagua kijana, kwa sababu nyumba nzuri alizoziona Dar zilikuwa za bluu. Karakana iliyovifunga iko Dar es Salaam. Niliandika urefu, upana, unene, rangi na idadi. Sikuandika vinakwenda wapi, zaidi ya neno "Mbeya" kwenye sehemu ya anwani ya lori. Na wao hawakuuliza.

Kosa hilo naligawa nusu kwa nusu, na nusu yangu naibeba.

Kesi ya dereva

Siku ya kushusha, dereva alikula maneno. Njia ya Dar kuja Mbeya inazidi kilomita 800, mna matuta ya Mikumi yaliyowekwa kwa ajili ya wanyama, mna kona za mlima wa Kitonga, na kila mwenye mzigo wa vioo anajua kinachoweza kutokea. Utingo akajitetea kwa jambo ambalo sikulitilia maanani: "Fundi, mlio wa kwanza tuliusikia tukiwa tunamalizia Kitonga, gari linatambaa gia ya kwanza. Kwenye matuta hakukuwa na kitu." Niliona anatafuta pa kutokea. Leo najua alikuwa ananipa jibu.

Baada ya kile cha tatu kupasuka chenyewe stoo, nilianza upya. Kioo kilichopigwa huwa na alama ya pale kilipopigwa: nyota ndogo, kitobo au unga mweupe, na nyufa zinatoka hapo kama miale. Kioo kilichopasuka kwa joto huanzia ukingoni, ufa unaingia ndani umenyooka kwanza ndipo unaanza kupinda. Hivi vitatu havikuwa na nyota wala unga. Vyote vilikuwa vidogo na vyembamba. Vikubwa, ambavyo ungetegemea ndivyo vivunjike kwanza barabarani, vilikuwa vizima.

Nikatoa kimoja kikubwa nje, nikakisimamisha. Nguzo ya umeme ya ng'ambo ya barabara ikaonekana ndani yake nyembamba katikati, imejipinda kama upinde, kama unavyoona uso wako nyuma ya kijiko. Kioo cha siku hizi hakina tabia hiyo. Kinatengenezwa kwa kumimina kioo kilichoyeyuka juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, njia iliyotangazwa na kampuni ya Pilkington ya Uingereza mwaka 1959, na kinaelea humo kikatoka bapa pande zote mbili. Picha ikipinda, kuna kitu kinakisukuma.

Nikalaza pima maji juu yake. Ikabembea. Ilikalia katikati, ncha zote mbili ziko hewani. Nikachukua sarafu ya shilingi 200 nikaipitisha chini ya ncha, karibu na fremu. Ikapita bila kugusa popote. Nikageuza upande wa pili, hali ni ileile. Pacha nzima ilikuwa imetuna kama andazi.

Aliyemaliza fumbo ni Mwalimu. Alikuja jioni na mjukuu wake, mtoto ameshika pakiti ya krispi kutoka dukani Mwanjelwa, imetuna kiasi cha kutaka kupasuka. Mwalimu akanisikiliza, akatazama vioo, akamnyang'anya mjukuu pakiti.

"Mwanangu, hii imefungwa wapi?"

Nikasoma nyuma. Dar es Salaam.

"Basi. Hiyo ni kanieneo ya hewa, mgandamizo wake, nimeifundisha miaka yote. Umeniletea pakiti 16 za krispi."

Kila anayesafiri njia hii ameliona, ila halipi jina. Maliza maji ya chupa Mafinga, kule juu, funga kizibo, weka chini ya kiti. Ukifika Morogoro chupa imenywea kana kwamba kuna mtu kaibana. Ukipanda, mambo yanageuka.

Hewa ya Dar ndani ya ukuta wa Mbeya

Usawa wa bahari hewa inagandamiza kwa hektopaskali (kipimo cha kanieneo) kama 1,013. Kwenye mita 1,700 ni kama 825, pungufu kwa karibu moja ya tano. Hewa iliyofungiwa kati ya vioo viwili kule Dar inabaki na nguvu zake za Dar, na huku nje hakuna tena wa kuizuia. Kama kioo kingekuwa hakipindi hata kidogo, kila mita moja ya mraba ingesukumwa kutoka ndani kwa nguvu inayokaribia tani mbili.

Kinachookoa ni kwamba kioo kinapinda. Kikubwa kinatuna milimita tatu nne katikati, hewa inapata nafasi, nguvu inapungua. Kidogo chembamba hakina pa kupindia. Milimita 5 kwenye upana wa sentimita 35 ni kigumu kama ubao, kwa hiyo nguvu inabaki palepale na kuhamia kwenye kingo, mahali kioo kina vijeraha vya kukatwa. Kikubwa kinatuna, kidogo kinapasuka. Ndiyo maana utingo alisikia mlio Kitonga: ukitoka Ruaha Mbuyuni unapanda haraka kuliko sehemu nyingine yoyote ya safari.

Na turubai? Turubai niliyofunika mimi kwa nia njema ilifanya stoo ya mabati kuwa tanuru alasiri. Joto likaongeza nguvu ya hewa iliyokuwa ndani, na cha tatu kikaachia. Cha nne kilifuata kesho yake saa nane na nusu, kabla sijapata pa kuvihamishia.

Jambo hili si geni kwa wanaotengeneza vioo hivi nchi zenye milima. Pacha zinazotoka bondeni kwenda juu huwekewa mrija mwembamba wa chuma kwenye ukingo, ambao unaruhusu hewa kupumua taratibu mpaka ndani na nje vilingane. Mrija ukiwa mwembamba na mrefu vya kutosha, unyevu unapata shida kuupita. Ubaya wake ni kwamba huwezi tena kujaza gesi ya agoni, ile inayozuia joto kuliko hewa, maana itatoka kupitia mrija huohuo. Njia nyingine ni kufungia pacha kulekule zitakakokaa. Oda yangu haikuwa na mrija wala maelezo.

Kabla ya kuuliza tufanye nini na vioo

Hapa ndipo kisa kilipogeuka. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kijana habari ya kurudisha mzigo. Mwalimu akaniambia nikae chini, akaleta chai, akauliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza mimi miezi mitatu nyuma: "Hivi ni lazima kila dirisha liwe na kioo cha aina moja?"

Nikachukua ramani, tukaanza kuzunguka nyumba dirisha kwa dirisha. Jioni hiyo niliona jinsi nilivyoandika ile oda kwa uvivu. Nilihesabu nafasi kama mtu anayehesabu matofali.

Upande wa kusini, wenye mandhari ya mji, ndio wa baridi. Juni jua liko kaskazini yetu. Saa sita mchana linasimama digrii kama 58 juu ya upeo wa kaskazini, na ukuta wa kusini hauonji jua. Upepo wa kipupwe nao unatoka kusini mashariki. Kule kuna vioo sita vikubwa, jumla mita za mraba kama 10. Kioo kimoja cha kawaida kinapitisha wati 5.8 hivi kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Pacha ya kawaida yenye hewa inapitisha kama 2.8. Usiku ambao nje ni nyuzi 7 na ndani 19, vioo vya kusini peke yake vingepoteza wati kama 700 vikiwa vya kawaida, na kama 340 vikiwa pacha. Kule vioo pacha vina kazi.

Upande wa kaskazini, jikoni na mahali pa kulia chakula, hesabu ni nyingine kabisa. Pale jua la kipupwe linaingia, na ni la bure. Ukiweka bluu unalizuia mlangoni. Nasema wazi: vioo vya rangi nyeusi, bluu na kahawia tunavyovibandika kila nyumba Mbeya, Iringa na Njombe tumeviiga Dar, ambako mtu analikimbia jua. Huku tunalitafuta. Nimeingia nyumba nyingi hapa mjini ambazo saa nne asubuhi watu wanatoka nje kuota jua, kwa sababu ndani wamelifungia njia kwa pesa zao wenyewe. Kaskazini kioo cheupe kimoja cha milimita 5 kinatosha, na paa lililotokeza vizuri linamaliza kazi ya kivuli. Tangu kiwanda cha vioo cha Mkuranga kilipozinduliwa mwaka 2023, kioo hicho cheupe hata hakihitaji kuvuka bahari.

Kuna wanaopenda kile kinachoakisi kama cha kujitazamia, ili wapita njia wasione ndani. Mchana kinafanya kazi. Usiku ukiwasha taa, ndani ndiko kwenye mwanga kuliko nje, na familia yako inakuwa sinema ya mtaa. Anayetaka faragha anunue pazia, tena zito, litamsaidia na baridi.

Mabafuni na vyooni hakukuwa na sababu yoyote ya pacha. Kilichotakiwa ni kioo cha maua, milimita 5, na juu yake luva ndogo ya kutolea mvuke. Vile vidogo vinne vilivyopasuka, vilivyoniumiza kichwa wiki nzima, havikupaswa hata kuagizwa.

Mahali ambapo mtu anaweza kuangukia

Wakati tunazunguka nilikuta jambo lililonitisha kuliko nyufa. Mlango wa kusukuma wa sebuleni, urefu mita 2.1, unaotokea barazani, ulikuwa kwenye orodha yangu kama "milimita 5 kawaida". Mjukuu wa Mwalimu ana miaka sita na hajui kutembea, anajua kukimbia. Kioo cha kawaida kikivunjika kinatoa vipande virefu vyenye ncha kama visu.

Tukabadilisha kuwa milimita 8 kilichochomwa tanuruni, kile mafundi tunachokiita tempa. Kinapashwa moto zaidi ya nyuzi 600 kisha kinapulizwa hewa ghafla; ngozi yake inakaza na ndani inabaki inavuta, kikatoka na nguvu mara nne au tano ya cha kawaida. Kikivunjika kinamwagika punje punje, kama kioo cha ubavuni cha daladala. Sharti lake ni kukata, kutoboa na kusaga kingo kabla ya kuchoma. Ukipeleka kisu au kuchimba baadaye, kinamwagika chote mikononi mwako. Kwa hiyo sikuagiza mpaka fremu ya mlango iliposimama ukutani na nimeipima mara tatu, juu, katikati na chini. Kilipofika nilitafuta mhuri wa kiwanda uliochomwa kwenye kona. Mhuri wa stika unaotoka kwa kucha si mhuri.

Kingo za roshani na kijidirisha cha paa juu ya ngazi vilikuwa suala jingine. Hapo tempa peke yake haitoshi, kwa sababu kikivunjika kinaondoka, na aliyeegemea anaondoka nacho. Kwenye roshani tuliweka vioo viwili vya milimita 6 vilivyochomwa na kubandikwa kwa utando wa plastiki katikati, na cha paani tukaweka vilivyobandikwa vivyo hivyo, vyembamba zaidi. Ni jamaa wa kioo cha mbele cha gari: kinapasuka utando wa buibui lakini kinabaki mahali pake. Huku kwetu mvua ya mawe inakuja bila taarifa, na chini ya kijidirisha kile ndipo Mwalimu anapopita na fimbo yake kila asubuhi.

Bei ilipanda hapo. Kijana akanung'unika kwenye simu, akauliza kwa nini tunapunguza vioo pacha na kuongeza pesa kwenye mlango. Mama yake akampokonya maneno: "Baridi nitavaa sweta. Mtoto akipasua mlango nitamvalisha nini?" Mjadala uliishia hapo.

Jiko la mkaa

Kulikuwa na jambo ambalo halikuwa kwenye ramani. Kipupwe, Mwalimu huingiza jiko la mkaa sebuleni jioni, kama nyumba nyingi za huku. Kwenye nyumba aliyopanga madirisha yalivuja upepo kila kona, na uvujaji ule ndio uliokuwa unamlinda. Mkaa unaowaka unatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na chumba kikizibwa vizuri inamlaza mtu moja kwa moja. Mimi nilikuwa naelekea kumjengea sebule yenye raba mbili kila fremu na silikoni kila ukingo.

Tulizungumza kwa muda mrefu. Nilikataa kuziba sebule mpaka tukubaliane kwamba mkaa hauingii ndani, na pamoja na makubaliano hayo nikaacha matundu mawili ya hewa, moja chini karibu na sakafu, moja juu karibu na dari, yenye wavu na yasiyofungika. Yanapunguza faida ya pacha kidogo. Nimeyaacha hivyo hivyo.

Siku ya kutoboa

Pacha 12 zilizobaki tuliamua kuziokoa. Karakana haikutaka kupokea mzigo uliokwishaondoka mlangoni, na hata ingepokea, safari ya kurudi ingeongeza nyufa nyingine.

Tulisubiri Septemba, hewa ikiwa kavu. Kazi tuliianza saa nne asubuhi, joto likiwa karibu nyuzi 20, kwa sababu ukifunga alfajiri kwenye baridi, mchana kioo kitatuna tena, na ukifunga kwenye jua kali, usiku kitanywea kwa ndani. Kijana wangu wa kazi alishika pacha imesimama wima juu ya mbao mbili zilizofungwa zulia. Mimi nikachagua kona ya juu, nikafuta vumbi kwa spiriti, nikaanza kutoboa kwa keekee nyembamba ya milimita 2. Sitoboi kioo hapa. Natoboa gundi ya ukingoni na kile kipande cha alumini kinachotenganisha vioo viwili, pole pole, bila kusukuma.

Keekee ilipoingia ikatoka sauti, fsss, kama soda. Nilitazama ile nguzo ya umeme ndani ya kioo. Ilikuwa imejipinda, ikaanza kunyooka, sekunde tatu nne, ikasimama wima. Kijana wangu wa kazi akacheka kwa sauti. Tuliacha kila tundu wazi kwa muda wa kuvuta pumzi chache, kisha nikaziba kwa gundi nyeusi laini ya butili, juu yake silikoni. Haraka ina sababu: ndani ya kile kipande cha alumini mna punje za kunyonya unyevu, kama za vile vipakiti vinavyokuja kwenye boksi la viatu vipya. Kila dakika ya tundu wazi zinanyonya unyevu wa Mbeya na kuchoka.

Anayetaka kuiga ajue mambo mawili. Ukishatoboa, dhamana yoyote ya mtengenezaji imekufa. Na kama unafanya hivyo msimu wa mvua, afadhali uache.

Zile sita kubwa zikaenda kusini, tano za kati zikagawanywa vyumba vya kulala vya mashariki na magharibi, na kadogo kamoja kalikosalia kakaenda ngazini. Rangi ya bluu hatukuwa na namna ya kuiondoa. Mwalimu analalamika mpaka leo kwamba sebuleni kwake kuna mawingu kila siku.

Kitu kingine kilichonigharimu ni fremu. Pacha yenye unene wa milimita 22 haiingii kwenye profaili ya kawaida ya kioo kimoja, na uzito ni habari nyingine. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene kwenye mita ya mraba, kwa hiyo pacha ya milimita 5 na 5 ni kilo 25 kwa mita ya mraba. Dirisha la sentimita 120 kwa 140 linabeba kilo 42 za kioo tupu. Magurudumu ya dirisha la kusukuma tuliyozoea yangesagika ndani ya mwaka. Madirisha ya kusini tukayafanya yasiyofunguka, pembeni yake tukaweka vipande vyembamba vya kufungua, vya kioo kimoja.

Mvua zilipokuja

Juni iliyofuata nilipita asubuhi saa kumi na mbili na nusu kabla Mwalimu hajaamka. Vioo vya kaskazini vilikuwa vimetokwa jasho, maji yanatiririka hadi kwenye kizingiti. Vya kusini vilikuwa vikavu kwa ndani, isipokuwa mstari mwembamba wa matone kwenye fremu yenyewe, maana alumini ni metali na baridi inapita humo kama haina mlinzi. Zipo fremu zenye kipande cha plastiki katikati cha kukata njia ya baridi, lakini zile tuliziacha kwa sababu ya bei. Mwalimu aliniambia amerudisha blanketi moja kabatini.

Kabla ya hapo, Januari, mvua zikiwa zimekolea, alinipigia simu. "Mwanangu, njoo uone, dirisha la chumba cha wageni halisafishiki." Nilimkuta amesimama na kipande cha kitenge, amefuta ndani, ametoka nje amefuta nje, amerudi ndani. Ukungu uko palepale, mweupe kama maziwa yaliyochanganywa maji, katikati ya vioo viwili mahali ambapo kitenge hakifiki. Mjukuu alikuwa amejaribu kuandika jina lake kwa kidole na kidole hakikuacha alama.

Nililing'oa. Kwenye tundu nililoziba Septemba kulikuwa na ufa wa silikoni mwembamba kama unywele, na nilipoikwangua nikakuta chini yake vumbi la alumini ambalo sikulifuta vizuri. Moja kati ya kumi na mbili. Kwa sasa chumba cha wageni kina kioo kimoja cheupe cha milimita 5, na ndani yake, sentimita kumi nyuma, nimefunga fremu nyepesi ya pili ya kusukuma yenye kioo kingine cheupe. Haijafungwa kwa gundi, inafunguka, inafutika pande zote nne, na vioo vyote viwili nilivinunua mjini hapa hapa. Mwalimu ameomba vyumba vyote vya kulala vibadilishwe hivyo. Kijana bado anataka kujua kama pacha mpya zinaweza kufungiwa Mbeya, nami nimemwambia nitamtafutia chumba kikavu chenye sakafu ya vigae, gundi ya butili na punje mpya. Vipimo nimeviandika kwa penseli ukutani stoo: 118 kwa 138, mara moja.